Makaa yakilowa, jua litakusafishia maji

Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, asubuhi nyumba nyingi hukosa moto. Makaa yamelowa, kuni zinatoa moshi mtupu, na gari la kuleta gesi haliwezi kupita barabara iliyofurika. Wakaazi wa Kitengela wanaifahamu hali hii. Mapema Mei 2024, mafuriko yaliwazingira baadhi yao hadi wakaokolewa kwa mashua.

Wakati huo ndipo maji huwa hatari zaidi, kwa sababu mafuriko husomba uchafu wa vyoo hadi visimani. Makaa yaliyosalia ni kidogo. Je, upike uji wa mtoto au uchemshe maji?

Msomaji, jibu moja lilipatikana Kajiado kwenyewe. Katika miaka ya 1990, watafiti walizipa familia za Wamaasai chupa za plastiki. Baadhi waliweka maji yao juani, wengine wakayaweka ndani ya nyumba. Baadaye kipindupindu kilizuka. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha kuwa kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, 3 pekee waliugua. Kati ya watoto 144 wa kundi la pili, waliugua 20. Kwa watu wazima na watoto wakubwa tofauti kubwa haikuonekana. Lakini mtoto mdogo ndiye anayeishiwa maji mwilini upesi zaidi.

Fanya hivi:

1. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ioshe vizuri na uondoe karatasi yake.

2. Chuja maji kwa kitambaa safi, ujaze chupa. Isimamishe juu ya gazeti hili na utazame kupitia mdomoni. Ukiweza kusoma kichwa cha habari, maji yanafaa. Usipoweza, yaache yatulie, kisha uyachuje tena.

3. Laza chupa juu ya mabati kwa saa 6 za jua. Mawingu yakitanda, iache siku 2 mfululizo.

4. Kunywa kutoka chupa hiyo hiyo, au mimina katika kikombe safi.

Mvua isipokatika, jua halitakusaidia. Tumia dawa ya klorini kama ilivyoelezwa kwenye chupa yake, au chemsha. Ukichemsha, usipoteze makaa: funika sufuria, na maji yakitokota kwa dakika 1 yanatosha. Mahali palipo juu ya mita 2,000, ngoja dakika 3.

Tahadhari: jua na moto huua viini, lakini haviondoi mafuta wala kemikali. Maji yenye harufu ya vitu hivyo usiyanywe kamwe. Na mtoto akiharisha maji matupu, mpe maji ya chumvi na sukari ya dukani la dawa huku ukimkimbiza hospitalini.

Makaa machache uliyo nayo yapike uji. Maji yaachie jua.