Kuhamishia kihariri matini kwenye mashine ngeni: mafunzo ya Emacs kwa mwanafunzi wa lugha

0. Utangulizi

Kihariri matini ni programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi matupu, yaani maandishi yasiyobeba mapambo ya ukurasa. Humo mtafiti wa lugha huweka orodha za maneno, hadithi alizonukuu kwa wazee na mifano ya sentensi. Lakini mashine huzeeka kabla ya kazi kwisha: kompyuta iliyotumika kukusanya data mara nyingi siyo itakayotumika kuchapisha kamusi. Basi ni nini kinachowezesha maandishi, pamoja na programu inayoyashika, kuvuka kutoka mashine moja hadi nyingine bila kuharibika?

Tutajibu kwa kuchunguza mfano mmoja, Emacs. Emacs ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1976 katika chuo cha MIT, Marekani, kwenye mashine ya PDP-10 iliyoshughulikia biti 36 kwa pamoja. Mwaka 1984 Richard Stallman alianza kuandika GNU Emacs, ambayo ni programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Kwa ruhusa hiyo, watumiaji wa mashine za kila aina, hasa kompyuta za mezani za watafiti na wahandisi zilizokuwa na miundo yao ya pekee, waliweza kuihamishia kwao.

1. Kuhamisha programu ni nini?

Kuhamisha programu si kunakili faili. Msimbo huandikwa katika lugha ya programu, hapa C, kisha kompaila huugeuza kuwa amri zinazoeleweka na aina moja tu ya mashine. Kinadharia ingetosha kuupitisha msimbo uleule katika kompaila ya mashine mpya. Kwa vitendo, mwandishi wa kwanza huwa ameacha ndani ya msimbo mambo aliyoyachukulia kuwa ya kawaida kwa sababu mashine yake ilikuwa hivyo. Mfasiri anaijua hali hii: nahau haimsumbui msemaji wake hata siku moja, mpaka atokee mtu wa kuifasiri.

Emacs ilipunguza kazi hiyo kwa namna mbili. Kwanza, ni kiini chake tu kilichoandikwa kwa C. Sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ya Lisp, ambayo kiini hicho huifasiri. Ukikihamisha kiini, sehemu nyingine hufuata. Pili, matoleo ya zamani yalikuwa na saraka mbili: «m» kwa maelezo ya mashine na «s» kwa maelezo ya mifumo endeshi. Mhamishaji aliandika faili fupi ya maelezo ya mashine yake badala ya kuvuruga msimbo wote. Hata hivyo vikwazo vilibaki. Tutazame vitatu.

2. Kikwazo cha anwani

Kila kitu kilicho katika kumbukumbu ya kompyuta kina anwani, ambayo ni namba. Emacs ilihitaji kujua pia aina ya kila kitu: je, ni maandishi, ni orodha, au ni namba? Ili kuokoa nafasi, iliweka habari zote mbili ndani ya biti 32. Katika matoleo ya zamani, biti 24 zilibaki kwa ajili ya thamani au anwani, na zilizosalia zilionyesha aina na alama za usafishaji wa kumbukumbu.

Biti 24 zinatosha anwani 16,777,216. Kwenye mashine ambazo data huanzia karibu na sifuri, hakuna tatizo. Lakini kwenye IBM RS/6000, iliyotoka mwaka 1990, data ilianzia kwenye anwani 536,870,912. Na kwenye mashine za HP zenye muundo wa PA-RISC ilianzia 1,073,741,824. Tuchukue kitu kilichoko 536,875,008 kwenye RS/6000. Ukikata biti za juu, inabaki 4,096 tu, na programu itakwenda kutafuta mahali pasipo pake.

Suluhisho lilikuwa rahisi. Watu wanaokaa komini moja wakielekezana nyumbani hutaja barabara na namba ya nyumba tu. Jina la komini linajulikana. Vivyo hivyo, faili ya maelezo ya mashine ilitaja mara moja biti za juu zinazoshirikiwa na data yote, na Emacs ikazirudisha kila ilipotaka kufikia kitu: 4,096 kujumlisha 536,870,912 ni 536,875,008. Njia hii ina sharti moja: vitu vyote viwe katika «komini» moja.

Uamuzi huohuo uligusa hata ukubwa wa faili. Kabla ya toleo 19.29, Emacs ilishindwa kuhariri faili zinazozidi megabaiti 8, kwa kuwa namba ya kuonyesha mahali ndani ya faili nayo ilibanwa katika biti hizo. Mkusanyiko mkubwa wa matini ungegonga ukuta huo.

3. Kikwazo cha upana

Mwaka 1992 kampuni ya Digital ilitangaza Alpha, mashine ya biti 64. Katika Unix yake, namba kamili ya kawaida ya lugha C ilibaki na biti 32, lakini anwani ikawa na biti 64. Msimbo wowote uliohifadhi anwani ndani ya namba ya kawaida ulipoteza nusu yake. Waandishi wa Emacs walitunga jina moja la aina ya namba, wakalitumia kila mahali ambapo namba na anwani zinakutana. Faili ya Alpha ikaeleza kwamba kwenye mashine hii jina hilo lina maana ya namba ndefu. Mwanaisimu ataona hapa tofauti kati ya dhana na umbo: dhana inabaki moja, umbo linaamuliwa na mazingira.

4. Kikwazo cha picha ya kumbukumbu

Kusoma faili zote za Lisp kila mara programu inapofunguliwa kulichukua muda mrefu kwenye mashine za zamani. Kwa hiyo, wakati wa kuijenga Emacs, kiini kilisoma faili hizo mara moja, kisha kikaandika kumbukumbu yake nzima kuwa faili mpya ya programu. Mbinu hii ilihitaji kujua umbo la ndani la faili za programu, na kila mfumo ulikuwa na lake. Ndiyo maana kulikuwa na msimbo wa pekee kwa AIX, kwa Alpha, kwa NeXT na kwa mingineyo. Njia isiyotegemea maumbo hayo iliingia katika toleo 27.1, mwaka 2020, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Wepesi ulinunuliwa kwa gharama ya uhamishikaji, na wahamishaji ndio walioilipa.

5. Na maandishi yenyewe?

Mashine hutofautiana pia katika mpangilio wa baiti: nyingine hutanguliza baiti kubwa, nyingine ndogo. Tuchukue herufi ɛ ya Kilingala. Katika Unicode namba yake ni 025B, kwa hesabu ya kumi na sita. Katika usimbaji wa UTF-16 huandikwa kwa baiti mbili, 02 na 5B. Mashine ikizisoma kinyume inapata 5B02, ambayo ni herufi ya Kichina. Katika UTF-8, ɛ ni C9 ikifuatwa na 9B kwenye kila mashine, kwa sababu utaratibu wa baiti umewekwa na usimbaji wenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni ya fonti za kujitengenezea, ambamo umbo la ɛ liliwekwa mahali pa alama nyingine. Kwenye kompyuta ya mwenyewe maandishi yanasomeka vizuri. Kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, alama ya zamani inarudi, na asiyejua siri haijui hadithi. Mtafiti akiisha kufariki, siri imeondoka naye.

6. Hitimisho

Emacs ilivuka kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, na kila jambo la pekee la mashine liliandikwa mahali pake likaelezwa. Tunaokusanya matini kwa ajili ya kazi za mwisho wa masomo tufanye vilevile: tuhifadhi maandishi matupu katika UTF-8; tuandike katika faili ya pembeni alama tulizotumia kwa toni na maana ya kila ufupisho; tufungue faili kwenye kompyuta ya aina nyingine kabla ya kuiwasilisha, siyo baada.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini njia ya «komini» ingeshindwa kama data ingetawanyika katika sehemu mbili za kumbukumbu?
2. Neno NENO lina baiti nne. Andika litakavyoonekana ikiwa kila jozi ya baiti imegeuzwa.
3. Chukua ukurasa mmoja wa data yako. Taja mambo matatu ambayo msomaji asiyekujua hawezi kuyaelewa bila maelezo yako.