Barafu ya Kilimanjaro: Umwamini Nani?

Mshikaji anakuambia: "Walisema barafu ya Kilimanjaro itaisha 2020. Mbona bado ipo? Mabadiliko ya tabianchi ni uongo mtupu!" Utamjibu nini? Kabla ya kuamini au kukataa, jiulize maswali manne:

1. Nani kasema? Watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani. Walipanda mlimani na kuchimba barafu mwaka 2000.

2. Lini? Mwaka 2002. Walikadiria itaisha kati ya 2015 na 2020.

3. Walijuaje? Kwa kulinganisha ramani. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki 2.6 tu. Hicho ni kipimo. Mwaka 2020 ulikuwa makadirio.

4. Wengine wanasemaje? Mwaka 2022 UNESCO ilieleza kuwa barafu hiyo itatoweka ifikapo 2050.

Umeona? Rafiki yako kapatia kwamba tarehe ilikosewa. Lakini barafu inapungua kweli, na kipimo hakijafutika.

Ukikwama, muulize mwalimu wa jiografia, au sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Zipo pia ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi lililoundwa mwaka 1988.

Kumbuka, hili ni suala la afya pia. Anayepuuza tahadhari ya mvua kubwa anaweza kukutwa na mafuriko, kisha kipindupindu.

Zoezi: Chagua habari moja ya hali ya hewa uliyoisikia wiki hii. Ipitishe kwenye maswali manne. Je, imepona?