Dini Katika Riwaya za Vijana: Nguzo au Rangi ya Ukuta?

Mimi ni mtu wa uhandisi, fasihi niliiacha kidato cha nne, kwa hiyo naomba mnivumilie. Jumamosi huwa nafundisha hesabu vijana wa hapa Small Heath, si mbali na msikiti wa Green Lane (jengo ambalo mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa maktaba ya umma, msishangae). Binti mmoja Msomali, miaka 14, aliniuliza: mbona kwenye vitabu msichana wa Kiislamu mpaka avue hijabu ndiyo aonekane yuko huru?

Basi nikaanza kusoma, kwa njia ya kifundi. Ukitaka kujua ukuta una kazi gani unajiuliza: nikiuondoa, paa litabaki juu? Fanya hivyohivyo na dini kwenye riwaya. Ukifuta sala, mfungo na mavazi, halafu hadithi ikasimama vilevile, mwandishi alipaka rangi tu.

Chukua "Does My Head Look Big in This?" ya Randa Abdel-Fattah (2005). Amal, miaka 16, wa Melbourne, anaamua mwenyewe kuvaa hijabu muda wote, hata shuleni. Ondoa uamuzi huo, hakuna kitabu. Hiyo ni nguzo.

Kipimo kilikwama kwenye "From Somalia, with Love" ya Na'ima B. Robert (2008). Safia, miaka 14, anaishi London ya mashariki, na baba aliyebaki Somalia miaka mingi anarudi. Tatizo ni kuishi na baba ambaye ni kama mgeni. Sala ipo, hijabu ipo, lakini hadithi haiendeshwi nazo. Ukipima harakaharaka utasema ni rangi. Lakini wahandisi tunajua kuna uzito wa jengo lenyewe: hausogei, haupigi kelele, na kila nguzo inaubeba usiku na mchana. Imani ya Safia iko hivyo. Anapovutwa na mambo ya nje, hahitaji kueleza kwa nini moyo unamsuta. Msomaji anajua tayari. Kusema kweli hili ni gumu kuliko kuandika mabishano ya hijabu.

Sasa turudi nyumbani. "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi (1971) wengi mnaijua. Jina lenyewe ni la Bikira Maria katika litania, na mwandishi alipitia seminari. Zakaria, baba mlevi, anamlinda Rosa kwa fimbo, kumfundisha hamfundishi. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Unaweza kukisoma kama shambulio kwa dini, ila mimi siafiki. Mwishoni Kezilahabi anawapeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, na binti aliyenyamazishwa duniani anapata pa kumshtaki mzazi wake. Asiyejali imani asingehangaika kujenga mahakama hiyo. Ukiiondoa, Zakaria anabaki bila wa kumuuliza.

Kwa wenye wadogo zao huku, waanzisheni na Safia. Rosa asubiri wakue kidogo, maana anajiua, na hicho ni kitabu cha kusoma pamoja na mtu mzima chumbani, si cha kumwachia mtoto usiku peke yake.