SOMO: Simu na Pesa za Kikundi



Huduma ya M-Pesa ilianza hapa Kenya mwezi wa Machi 2007. Leo mama wa kijijini anayeuza mayai hulipwa na mteja aliye Nairobi bila kupanda matatu. Lakini wezi nao wamejifunza simu. Ukiambiwa umetumiwa pesa, fanya hivi:

1. Tazama jina la mtumaji. Ujumbe wa kweli huonyesha MPESA, sio nambari ya simu ya mtu.
2. Angalia salio lako kabla ya kutoa mali.
3. Mtu akikupigia akilia, "Nimekosea nambari, nirudishie," usimtumie kitu. Mwambie apeleke ujumbe wake wa malipo kwa 456, kampuni ishughulikie.
4. Nambari ya siri usimpe yeyote, hata akisema ni wa kampuni.
5. Mweka hazina aandike kila malipo kitabuni siku hiyo hiyo, na wanachama wasomewe mkutanoni.

Maswali ya kujadiliana: Pesa za kikundi chetu ziko kwa simu ya nani? Akiugua ghafla, au simu ikipotea, kitabu chetu kitatuonyesha nini?