SOMO LA UFUNDI: JUU YA NINI PROGRAMU MBILI ZILIPIGANIA SAUTI MOJA?



Leo tunajifunza jambo lililosumbua watu miaka mingi katika kompyuta za Linux. Linux ni programu ya msingi, inayoongoza mashini yote. Linus Torvalds aliianza kule Finland mwaka 1991. Ni ya bure, na kila fundi ana ruhusa ya kuitengeneza. Lakini zamani ilikuwa na shida: muziki ukipigwa, mara nyingi programu ingine haikuweza kutoa sauti.

1. Shida ilitoka wapi?

Katika miaka ya 1990 Linux ilitumia njia ya sauti iliyoitwa OSS. Programu ilifungua kifaa cha sauti, jina lake /dev/dsp, kama vile mtu anafungua daftari. Kadi nyingi za sauti za bei ndogo hazikuweza kuchanganya sauti zenyewe. Basi programu ya kwanza iliingia na kufunga mlango nyuma yake. Ya pili ikipiga hodi, ilijibiwa: kifaa kina kazi. Ikanyamaza.

Mwenye macho alikasirika tu, akasimamisha muziki. Lakini tumfikiri kipofu. Yeye anatumia programu inayomsomea kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo cha kompyuta. Programu ingine ikishika kifaa, kwake yeye mashini yote imekufa. Hii haiko mchezo.

2. Kuchanganya ni nini?

Ndani ya mashini sauti ni hesabu tupu. Diski ya CD inatoa hesabu 44,100 kila sekunde, kwa kila upande, kushoto na kuume. Kuchanganya ni kujumlisha. Muziki 9,000, msomaji 4,000: jumla 13,000. Lakini kwa biti 16 hesabu kubwa ni 32,767. Ukijumlisha 20,000 na 15,000 unapita mpaka; sauti inakatwa kichwa, inakwaruza. Tena sauti ya video mara nyingi ni 48,000 kwa sekunde, lazima kuzilinganisha kwanza. Basi lazima mmoja asimamie kazi ile.

3. Wasimamizi wengi

Watu wa GNOME walichukua esd, watu wa KDE walichukua aRts. Kila mmoja alisaidia watoto wake, lakini wote wawili walipigania mlango ule ule! Mwaka 2003 ALSA ilikuwa ndani ya Linux 2.6, nayo ina dmix ya kuchanganya. Mwaka 2007 Fedora 8 iliweka PulseAudio. Wengi walinung'unika, maana sauti ilikatika-katika. Wanamuziki nao walishika JACK, kwa sababu haicheleweshi sauti.

Mwaka 2021 Fedora 34 ilichukua PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans. Hii haikulazimisha programu za zamani kubadili lugha. Zile za ALSA, za PulseAudio na za JACK, inazijibu kila moja kwa lugha yake. Njo maana leo muziki na msomaji wa kipofu wanasikika pamoja.

Tushike hili: kwaya yenye waongozi watatu haiimbi vizuri, hata kama wote wanajua nota. Inataka mmoja anayesikiliza kila sauti.

MAULIZO

1. Juu ya nini programu ya pili ilinyamaza?
2. Jumlisha 18,000 na 16,000. Inapita mpaka wa biti 16?
3. Sababu gani shida hii ilimwumiza kipofu kuliko wengine?