Ovari Inapojisokota

Kila upande wa mfuko wa uzazi wa msichana ipo ovari moja, itunzayo mayai ya uzazi, nayo huning'inia kwa kano zenye mishipa ya damu. Pengine hujisokota kama kamba ya ndoo, hasa ikiwa na uvimbe. Kwa watoto hata ovari nzima huweza kujisokota. Damu hukwama. Maumivu huja ghafula upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika. Nyumbani husemwa ni chango au hedhi, na huku saa zinapita; wenzetu wa zamani mlio na mabinti, hapo ndipo pa kukimbilia hospitali.

Zamani daktari akiikuta nyeusi aliikata, akidhani imekufa, tena akihofu kwamba akiufungua msokoto damu iliyoganda itakwenda mapafuni. Hofu hiyo haikuthibitika, na weusi hudanganya: mara nyingi ni damu iliyojaa tu, kwa kuwa mishipa ya kuirudisha huzibwa kwanza. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri msokoto ufunguliwe na ovari iachwe mahali pake, hata ikiwa nyeusi. Kazi hiyo hufanywa kwa kutoboa matundu madogo tumboni. Uvimbe ukiwapo, waweza kutolewa baadaye, ovari ikisha kunywea.