Momenti za Kani: Pikapu Iliyohamishwa Injini

Ukipita Uyole, Mbeya, au Ilula kule Iringa, utaona kirikuu zikisubiri mizigo. Ukimuuliza dereva injini iko wapi, atainua kiti. Injini ya kirikuu imekaa chini ya viti, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na bodi yote inabaki kwa mzigo. Pikapu za zamani kama Peugeot 504 zina injini mbele, chini ya boneti.

Sasa fikiria fundi ameamua kuitoa injini ya pikapu ya zamani mbele na kuifunga nyuma ya kabini. Kurefusha mabomba ya rejeta na kufupisha propela ni kazi yake. Yako wewe mtahiniwa ni kujua kila ekseli itabeba kiasi gani. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini tuelewane kwanza kwa Kiswahili.

Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Ekseli zimeachana mita 2.4. Gari bila injini lina kilo 900, na kitovu chake cha graviti kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya mbele. Injini na giaboksi ni kilo 200. Tumia g = 10 N/kg.

Chagua ekseli ya mbele iwe egemeo. Kani inayopita kwenye egemeo haina momenti, kwa hiyo kisichojulikana kinabaki kimoja tu: kani R ambayo barabara inasukuma juu kwenye ekseli ya nyuma.

Injini ikiwa juu ya ekseli ya mbele:
R × 2.4 = (9,000 × 1.2) + (2,000 × 0)
R = 4,500 N
Uzito wote ni 11,000 N, hivyo mbele ni 6,500 N.

Injini ikiwa mita 1.2 kutoka mbele:
R × 2.4 = (9,000 × 1.2) + (2,000 × 1.2)
R = 5,500 N, na mbele 5,500 N.

Uzito wa gari haujabadilika hata kidogo, umegawanyika upya. Wengi wangeishia hapa wakifurahia mgawanyo sawa. Lakini pikapu hununuliwa ibebe mzigo, na injini sasa imekula nafasi ya mbele ya bodi.

Pakia mifuko 10 ya mbolea ya kilo 50, yaani 5,000 N. Zamani kitovu cha mzigo huo kilikuwa mita 2.1 kutoka ekseli ya mbele. Sasa kimesukumwa hadi mita 2.7, nyuma ya ekseli ya nyuma.

Zamani: R = 4,500 + (5,000 × 2.1 ÷ 2.4) = 8,875 N; mbele 7,125 N.
Sasa: R = 5,500 + (5,000 × 2.7 ÷ 2.4) = 11,125 N; mbele 4,875 N.

Linganisha 4,875 na 5,500. Mzigo umeongezwa, lakini magurudumu ya mbele yamekuwa mepesi kuliko gari likiwa tupu! Ndiyo yanayokata kona. Gari hilo likipanda Kitonga kuelekea Ilula, mstari wa wima kutoka kitovu cha graviti unasogea nyuma zaidi, mbele panapungua tena, na usukani unakosa nguvu kwenye kona kali za mlima ule. Kirikuu inakwepa tatizo hili kwa sababu injini yake haikuchukua nafasi ya mzigo.

Kosa ninalolikuta kila mara kwenye madaftari ni kupima umbali wa mzigo kutoka ekseli ya nyuma huku injini imepimwa kutoka ya mbele. Egemeo ni moja katika mlinganyo mmoja. Kisha hakiki: 11,125 + 4,875 = 16,000 N, sawa na uzito wote.

Zoezi. Fundi amehamisha injini kama hapo juu, lakini ameinua sakafu ya bodi ili mifuko ikae juu ya injini, kitovu cha mzigo kikiwa mita 1.8 kutoka ekseli ya mbele.
(a) Tafuta kani kwenye kila ekseli.
(b) Eleza hatari mpya aliyoileta kwenye kona.

Majibu: (a) Nyuma 9,250 N, mbele 6,750 N. (b) Kitovu cha graviti kimepanda juu, kwa hiyo gari litapinduka kwa urahisi zaidi.